Nyota ya Ukingoni

Wifi yangu mpenzi,

Pole na goti. Mwanangu ameniambia umeshaanza kutembea bila mkongojo, nami nimefurahi, ila usijifanye msichana. Ngazi za nyumba yako hazina huruma, na wewe tangu nikujue hujawahi kuzipanda kama mtu mwenye umri wake. Watoto wako hawajambo? Na yule kitinda mimba, bado anabishana na kila mtu kama alivyobishana na mkunga siku ya kuzaliwa? Mpe salamu zangu, hata kama atazipinga.

Mimi siko vizuri. Daktari wangu ni kijana mpole, hunong'ona kana kwamba ugonjwa umelala, na yeye hataki kuuamsha. Juzi alisema moyo umechoka na dawa zinausindikiza tu. Nikamuuliza unasindikizwa mpaka wapi, akacheka kidogo, akatazama viatu vyake. Kwa hiyo nimemwelewa. Nalala chumba cha mbele, nimeegemea mito mitatu, maana nikilala chali pumzi hukatika. Ndiyo sababu mwandiko huu unapanda na kushuka. Mwanangu alitaka nimtajie maneno ayaandike yeye, nikakataa. Haya ni lazima yatoke mkononi mwangu.

Wifi, jambo lenyewe ni ile nyota ya ukingoni, ile iliyokutoa kazini. Nilikudanganya juu yake. Nakwambia mapema ili usisome kurasa zote hizi ukidhani nakuletea habari za dawa na mito. Lakini niache nilieleze kwa utaratibu, maana nikiharakisha nitaanza kujitetea. Na mengine nitayaeleza kama vile huyajui, kwa sababu nataka wanao na wanangu waisome barua hii baada yako, waelewe.

Unakikumbuka kile chumba chetu cha ghorofa ya juu: meza ya chuma iliyoyumba mguu mmoja, feni iliyopiga kelele bila kuleta upepo, na dirisha ambalo waliotutangulia walilipaka rangi nyeusi, tukawa tunafanya kazi mchana kweupe na taa imewashwa. Darubini yetu ilikuwa ndogo. Tulichokuwa nacho ni subira. Tulipiga picha ya sehemu ileile ya anga kila usiku usio na mawingu, tukapima mwanga wa kila nyota, tukatafuta nyota ambayo mwanga wake unapungua kidogo, unakaa hivyo kwa saa chache, kisha unarudi, na baada ya siku kadhaa unafanya vilevile. Maana yake ni kwamba kuna kitu kinapita mbele yake. Kikipunguza hata sehemu moja katika mia, basi hicho ni sayari kubwa mno, saizi ya Mshtarii, ile kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu, au zaidi, na wewe umeigundua bila kuiona, kama unavyojua jirani amepita mbele ya taa yake kwa kuona mwanga wa ukutani kwako umefifia.

Fundi wetu wa darubini, tuliyemwita Giza kwa jinsi alivyogombana na kila mwenye tochi, alikuwa akisema sisi ni watu wa ajabu, tumesoma hadi chuo kikuu ili tulipwe kwa kungojea taa zififie, wakati nyumbani kwake zinafifia kila siku na hakuna anayempa hata asante.

Kwenye michoro yetu, kupungua huko kwa mwanga tulikuita bonde. Na ilikuwa desturi yetu, wanao hawataijua, kwamba kila msimu mimi kama mkuu nilichukua michoro ya nyota za kweli nikapanda humo mabonde ya uongo niliyoyachora mwenyewe. Sikumwambia mtu ni nyota zipi. Ninyi wasomaji wa michoro mkatafuta, na mimi kwa kuhesabu mliyoyaona na mliyoyakosa nikajua macho yetu yanaaminika kiasi gani. Jumatatu tulikaa kuzunguka ile meza, kila mtu akaweka alichokipata, nami nikasema moja kati ya mawili: hiyo ni yangu, au hiyo si yangu. Zilizokuwa zangu tuliziita bandia. Giza aliziita mimba za mto, kama za mwanamke aliyejifunga mto tumboni. Kuipata bandia hakukuwa aibu, ilikuwa dalili kwamba umetazama vizuri. Aibu ilikuwa kuiapia kwamba ni ya kweli. Aliyefanya hivyo alitaniwa wiki nzima, wenzake wakimuuliza kama mtoto ameanza kutambaa.

Nawe hukuwahi kutaniwa. Ulikuwa na shahada kama niliyokuwa nayo mimi, na jicho ambalo mimi sikuwa nalo. Marehemu kaka yako alijua. Mezani, mbele ya watoto, alikuwa akisema mdogo wake akiutazama ukuta, ukuta unakiri. Alisema katika ofisi yetu bosi ni mkewe ila ubongo ni wa kwao. Alikuwa anatania, Mungu amrehemu, na wewe ulimrushia kitambaa cha mezani ukamwambia anyamaze asije akalala njaa. Mimi nilicheka kwa meno tu. Kila siku nikienda kazini nilimkuta dada wa mume wangu ananitangulia, na jioni nikirudi nyumbani nilikuta anasifiwa.

Mwaka ule niliamua tuache kupima nyota za ukingoni mwa picha. Pale nyota hazikutoka kama nukta, zilitoka zimevutika kama matone, na vipimo vyake viliruka huku na huku. Nikawaandikia waliotufadhili kwamba hakuna la maana linaloweza kupatikana pale. Wewe ulibisha. Ulisema vipimo vinaruka kwa sababu tunavipima kivivu, na kwamba mtu akizifuata zile nyota na umbo lake badala ya kulazimisha duara, zitatulia. Nikakujibu uamuzi umeshapita. Ukasema sawa, wifi. Kisha ukaendelea kuzipima saa ya chakula, mkate mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kibodi, na mimi nikijifanya sioni.

Ile Jumatatu uliingia umechelewa, karatasi zimekunjwa kwapani. Uliweka mchoro mezani, ukaulainisha kwa kiganja. Mabonde matatu, nafasi sawa kati yao. Ulikuwa umeyapandanisha, moja juu ya jingine, likatoka bonde moja safi. Kabla sijafungua mdomo ukasema hii si bandia, na usithubutu kuniambia ni bandia, maana mkono wako naujua. Ukawageukia wenzetu ukawaeleza kwamba wifi yako ni mvivu jikoni na mvivu ofisini, hupika kwa sufuria: mabonde yake yote yana sakafu tambarare na kuta zilizosimama wima. Hili lilikuwa na kitako cha bakuli. Nyota ya kweli ina mwanga hafifu pembeni kuliko katikati, ukasema, kwa hiyo sayari ikianza kupita inaiba kidogo, ikifika katikati inaiba zaidi, ndiyo maana chini kunapinda. Wifi hawezi kujisumbua hivyo, ukasema. Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka.

Nikauliza nyota iko wapi. Ukasema ukingoni.

Kicheko kikakatika. Giza akapiga mluzi, akasema basi leo bosi atatafuna ile barua aliyowaandikia wafadhili, bila chumvi. Wewe ulikuwa umechangamka, uso unang'aa kama wa bibi harusi, ukasema mbele yao wote kwamba kama hii ni bandia, unachukua mkoba wako na hurudi tena. Ulikuwa unacheka uliposema.

Nikasema, hiyo ni yangu.

Wifi, sikuwahi kupanda bandia ukingoni. Nisingeweza, nilikuwa nimeshazifuta nyota zile kwenye orodha ya kazi. Nilijua ulipotamka neno ukingoni kwamba mkono wangu haukufika pale. Uongo ule wa kwanza ulitoka kabla sijaufikiria. Lakini ukaniuliza tangu lini napanda ukingoni, nikasema nilitaka kujua ni nani asiyefuata maagizo. Ukaniuliza na kile kitako je, nikasema msimu huu nimejifunza kupikia bakuli. Hayo mawili niliyatafuta. Niliyachagua kama mtu anayechagua nyanya.

Nilidhani utanitazama machoni, na kama ungenitazama, ungejua. Hukunitazama. Uliinama ukautazama mchoro wako tena, muda mrefu, kama mtu aliyesalitiwa na mkono wake mwenyewe. Uliniamini mimi ukayakana macho yako. Kisha ukauchukua mkoba. Giza akajaribu kulifanya mzaha, akakuambia mama, kiapo cha ofisini hakina shahidi, rudi ukae. Ukamwambia shahidi ni wewe mwenyewe.

Nilijiambia utarudi Jumatano, maana tuliwahi kugombana na ukarudi. Nilijiambia tena kwamba huenda si sayari, huenda ni nyota mbili zinazofunikana kwa zamu kule nyuma, zinatudanganya sote, na nikihakikisha hivyo nitakuwa nimekuepusha na fedheha kubwa zaidi. Nikamwambia Giza nataka kujaribu pembe za kamera, nikaielekeza darubini kwenye nyota yako, nikaingojea siku ambayo hesabu yako ilisema. Bonde lilikuja saa uliyoiandika. Lilikuja na kitako chake. Nikaingoja tena mara ya pili, likaja.

Hapo ndipo nilipopaswa kushuka ngazi nikufuate kwako. Lakini ningesema nini? Nikisema ni ya kweli, wataniuliza kwa nini nilisema ni yangu. Hakuna jibu la swali hilo linalomwacha mtu akiwa mkuu wa ofisi. Sikuthubutu kuitangaza kwa jina langu pia, usije ukadhani nilikuwa na heshima, ni kwamba niliogopa ungeitambua. Kwa hiyo sikuichukua na sikukupa. Niliacha iendelee kuizunguka nyota yake bila mtu.

Wewe ukaenda ofisi ya vipimo, ukawa unazunguka madukani na sokoni kukagua mizani. Wauza nyama walikuogopa. Tulisikia hadithi zako tukacheka, jinsi ulivyomwambia mmoja kwamba kidole chake gumba ndicho kipande ghali kuliko vyote buchani. Nikajiliwaza kwamba umepata kazi unayoipenda. Halafu wakakupa cheo cha kuwa mkuu wa ofisi ile, ukakikataa. Nilikuwepo mezani ulipomweleza kaka yako. Ulisema mtu aliyeshindwa kutofautisha bonde la kweli na bandia ya wifi yake, ambayo mkono wake aliujua, hana haki ya kuweka sahihi ya mwisho kwenye mizani ya watu. Ulisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. Kaka yako akaniangalia akitaraji nitakubishia. Uliniomba chumvi, nikakupa chumvi.

Tangu hapo nimekuwa nikikuona unavyopima kila kitu mara tatu. Unafunga mlango unarudi kuusukuma. Unamsomea mtu barua yako kabla ya kuituma umuulize kama iko sawa. Wanao wanakutania kwamba umeumbwa hivyo. Hukuumbwa hivyo. Mimi nilikukuta ukiwa mtu wa kutazama mara moja tu.

Miaka mingi ikapita, watu wa mbali wenye vyombo ambavyo sisi hatukuviota wakaitangaza. Nilisoma katika chumba hikihiki. Walikuwa wameipima nyota inavyoyumba kwa uzito wa kinachoizunguka, hivyo hakuna tena wa kubisha: ni sayari, ni kubwa kuliko Mshtarii, inaizunguka nyota yake kwa siku nne na kitu, karibu mno hata inaungua. Siku nne na kitu zilezile ulizoziandika kwa penseli pembeni mwa mchoro. Walijiita wa kwanza kuiona. Kaka yako alikuwa kitandani wakati ule, ugonjwa wake wa mwisho, akaniuliza nimesoma nini mbona uso umebadilika. Nikamwambia nimesikia msiba wa mtu niliyesoma naye. Akanipa pole. Na wewe ulikuwa jikoni wakati huo unamkorogea uji.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuishia. Kuna jambo bado, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko sayari.

Ulipoondoka kazini, kaka yako alitaka kujua kulikoni. Nikamwambia ulinitukana mbele ya watu ninaowaongoza, uliniita mvivu, nilipokusahihisha ukasusa. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, na kwa pamoja yalikuwa uongo mtupu. Alikasirika. Yeye aliyekuwa akikusifu kila siku alikufuata nyumbani kwako akakuambia usikanyage kwake mpaka umwombe mke wake radhi. Hayo nilimtuma mimi, ingawa sikumtuma kwa mdomo.

Ukaja Jumapili. Nilikuwa naosha vyombo. Ulisimama kwenye mlango wa jikoni, mtoto mgongoni, yule aliyekuwa na surua, na hukuingia ndani mpaka nilipokukaribisha. Ulisema kiburi kilikupanda. Ulisema uliniita mvivu kwa sababu ulitaka kuonekana, na kwamba mimi nilikuwa sahihi kukupa somo. Ulisema macho yako yalikuwa yamevimba kichwa. Ukaniomba radhi, wifi, na katikati ya sentensi ukajifanya unamtengeneza mtoto mgongoni.

Nami nikajifuta mikono, nikakukumbatia, nikakuambia nimekusamehe.

Nilikusamehe. Mimi, nikakusamehe wewe. Na nilikusamehe kwa sauti nzuri. Kaka yako alikuwa nyuma ya mlango akasikia, na kwa miaka yote iliyobaki ya maisha yake alilisimulia jambo lile kwa wageni na kwa watoto, kuonyesha mke wake ana moyo mkubwa kiasi gani. Ukoo mzima unanijua kwa moyo huo. Wasichana wa kwenu wakigombana na mawifi zao huletwa kwangu niwasuluhishe, na mimi hukaa nikawasuluhisha.

Sikuombi unisamehe. Nimeshalitumia vibaya neno lile, sina haki ya kulitaka tena. Nilichoweza kufanya nimekifanya. Nimemwandikia yule binti anayeongoza ile ofisi siku hizi. Picha zetu za zamani zilikuwa bado zimehifadhiwa. Akazipima upya, nyota za ukingoni kwa umbo lake, ulivyosema zipimwe, na mabonde yako matatu yako pale. Amewasiliana na walioitangaza. Wataandika kwamba uliiona wewe kwanza, na kwamba mkuu wako aliikataa. Binti yule, kwa heshima, alitaka waandike niliikataa kwa makosa. Nilimrudishia, nikamwambia aandike niliikataa kwa uongo. Akaniambia bibi, hatujawahi kuandika hivyo. Nikamwambia basi muanze na mimi. Atakupigia simu. Najua huwa hupokei namba usizozijua, hiyo ipokee. Na akikuuliza jambo, mjibu mara ya kwanza, usimwambie umpigie baadaye ukishahakikisha.

Mwanangu ameisoma barua hii. Ilibidi, kwa sababu yeye ndiye atakayekuletea. Alipomaliza aliikunja vizuri, akauliza swali moja tu, kama baba yake alijua. Nikasema hapana. Akaleta dawa zangu na maji, akaweka, akatoka. Unajua anavyokupenda shangazi yake. Amesema atakaa nje ya mlango wako mpaka umalize kusoma, asije akakuacha peke yako nayo. Ukimwona hapo, mkaribishe ndani, hana kosa.

Wasalimie wanao wote, na wajukuu, na jirani yako yule mwenye redio. Waambie dawa za kifua nilizoletewa zimenisaidia, usingizi napata kidogo. Usije kuniona kwa ajili ya kutimiza wajibu. Ukiona huwezi, kaa, nami sitamruhusu mtu akuulize.

Jambo la mwisho. Siku ya mazishi watataka shangazi mtu asimame amzungumzie marehemu, na wote watakugeukia wewe kama walivyokugeukia kwa kaka yako. Nimewakataza watoto. Nimewaambia hakuna atakayekuomba useme neno jema juu yangu. Lakini kama mwenyewe utataka kusimama, simama na barua hii, uisome yote, pamoja na ile Jumapili ya jikoni. Usiruke mahali.

Ni mimi,
mke wa kaka yako.